Rangi za huzuni hazimhuzunishi mchezaji: tumekosea wapi katika sura ya mchezo wetu?

Kalamu ya Risasi

Ndugu zangu wasanifu na wachezaji, salamu kwenu nyote.

Mimi ni mchoraji katika kikundi cha watu watatu tunaotengeneza mchezo mfupi wa video, wa saa moja na nusu hivi, unaomhusu msichana na kaka yake mkubwa wanaovuka bonde refu usiku wakiwa na taa moja tu ya kubeba mkononi. Katikati ya safari kaka anatoweka, na nusu ya pili msichana anaimaliza peke yake. Hatukuweka mazungumzo hata kidogo, kwa kuwa tulitaka picha yenyewe ibebe uzito wote wa hadithi, na kwa sababu hiyo nimetumia miezi mingi kuhakikisha kwamba kila kinachoonekana kwenye skrini kinahuzunisha: mbingu ni ya kijivu, miti imechorwa kwa buluu iliyopauka, nyumba ziko gizani, na hata nguo za wahusika nimezichujua ili zisishindane na mandhari.

Juma lililopita tuliwapa watu 9 mchezo huo wauchezee mbele yetu, bila kuwaeleza lolote. Wote walisifu michoro. Hakuna hata mmoja aliyeguswa. Pale kaka anapotoweka, mahali ambapo mimi mwenyewe nililengwalengwa na machozi nilipokuwa nikipachora, mchezaji mmoja alipanda juu ya meza ndani ya nyumba tupu, akarukaruka mara tatu, kisha akatoka nje kuendelea na safari. Niliumia, wala sioni haya kusema hivyo.

Swali langu ni hili: sura ya mchezo inaugusaje moyo wa anayeucheza? Kwamba inaugusa sina shaka, maana nimekwisha kuguswa mimi. Nilipocheza Journey, uliotoka mwaka 2012, nilimwonea huruma mhusika asiye na mikono wala mdomo, ambaye uso wake wote ni macho mawili yanayong'aa ndani ya kitambaa. Sisi tuna wahusika wenye nyuso zilizochorwa kwa uangalifu mkubwa, na bado hakuna anayewahurumia. Je, tatizo ni rangi, ni umbo la wahusika, ni kamera, au nilikosea tangu mwanzo kudhani kwamba picha inaweza kuifanya kazi hii peke yake?

Fundi wa Mwanga

Ndugu Kalamu, nimekusoma kwa makini, na nadhani kosa limo ndani ya sentensi ile unayojivunia zaidi, kwamba kila kinachoonekana kinahuzunisha. Kama kila kitu kinahuzunisha, jicho halina pa kulinganishia.

Jicho halipimi rangi kama mizani inavyopima uzito. Ukikaa usiku katika chumba chenye taa ya manjano, mwanzoni kila kitu kinaonekana kimepakwa manjano, lakini baada ya dakika chache karatasi nyeupe inarudi kuwa nyeupe machoni pako, kwa sababu ubongo umekwisha kuiondoa ile manjano katika hesabu zake. Ndivyo anavyofanyiwa mchezaji wako: buluu uliyoipausha anaiona kwa dakika kumi za kwanza, na baada ya hapo haioni tena, kwa kuwa imekwisha kuwa hali ya kawaida ya dunia ile. Ifikapo dakika ya 45, unapomwondoa kaka, huna rangi yoyote ya kumnyang'anya mchezaji, maana ulimnyang'anya zote tangu mlangoni.

Tazama jinsi GRIS, mchezo wa Nomada Studio ya Barcelona uliotoka mwishoni mwa 2018, ulivyolishughulikia jambo hili. Msichana aliyefiwa anaanza katika dunia isiyo na rangi, na rangi zinarudi moja moja, kwanza nyekundu, baadaye kijani na buluu, na mwishowe manjano, kila moja ikitanda kwenye skrini kama rangi ya maji iliyomwagwa juu ya karatasi iliyolowa. Nyekundu ile haipati nguvu yake kwa kuwa ni nyekundu. Inaipata kwa sababu mchezaji amekaa na kijivu kwa muda wa kutosha hata akasahau kwamba kuna rangi nyingine. Journey ulioutaja unakwenda njia hiyohiyo: unaanza na mchanga wa dhahabu, unashuka chini ya ardhi penye giza, kisha unapanda kwenye theluji ya mlimani ambako rangi inakauka kabisa, upepo unamrudisha mhusika nyuma, na ile skafu aliyoirefusha kwa subira tangu mwanzo wa safari inaganda na kufupika mbele ya macho yako hadi anaanguka. Ndipo inapofunguka mbingu ya buluu. Buluu katika mchezo wako umeipa kazi ya huzuni, na kule ni furaha ya mtu aliyepumua tena. Tofauti yote imo katika kile kilichotangulia.

Hata Pac-Man wa mwaka 1980 ulilijua hili. Vizuka vinne, chekundu, cha waridi, cha samawati na cha chungwa, vinamfukuza mchezaji, lakini akimeza kile kidonge kikubwa vyote vinageuka buluu nzito na kuanza kukimbia, na punde kabla nguvu haijaisha vinametameta kwa weupe. Hakuna neno lililoandikwa popote. Ndani ya sekunde chache moyo umetoka kwenye woga ukaingia kwenye ujasiri, kisha umeanza kurudi kwenye woga kabla hatari yenyewe haijarudi. Huko kumetameta ndiko ninakokupenda kuliko yote, kwa kuwa ni muda unaokwisha uliofanywa uonekane kwa macho.

Ningekuwa wewe, ningemrudishia mchezaji rangi katika nusu ya kwanza, tena bila ubahili. Sisemi bonde zima lipakwe rangi; giza na libaki giza. Lakini taa aishike kaka, mwanga wake uangukie koti lake, na koti hilo liwe na rangi yenye joto ambayo haipo popote pengine katika bonde, ili kila penye kaka pawe ndipo penye rangi. Mchezaji atajifunza, bila kuambiwa, kulitafuta koti lile kwa pembe ya jicho. Mchezo wa Inside wa mwaka 2016 una jambo linalokaribiana na hili katika shati jekundu la mtoto ndani ya dunia ya kijivu: humpotezi hata anapokuwa mdogo kama punje kwenye skrini. Utakapomwondoa kaka, usibadilishe chochote kingine. Acha jicho lilitafute koti na lisilione.

Mchezaji wa Tangu Zamani

Nakubaliana na Fundi kuhusu rangi, ila mimi kilichonishika ni yule aliyepanda mezani. Ndugu Kalamu, wewe ulimwona kama mtu asiyeguswa, nami namwona kama mwanafunzi mwema aliyefanya alichofundishwa. Naomba utujibu: katika nusu ya kwanza, juu ya meza na mawe mmeweka nini? Na pembeni mwa skrini mmeandika nini?

Kalamu ya Risasi

Kwa kweli umenigusa pabaya. Tumeweka vimulimuli vya kukusanya, jumla yao 60, na vingi vimekaa juu ya meza, mawe na matawi. Idadi ya vilivyokusanywa iko katika pembe ya juu ya kulia, kwa tarakimu nyeupe. Tuliviweka ili watu wayachunguze mandhari badala ya kuyapita mbio.

Mchezaji wa Tangu Zamani

Basi hapo ndipo penyewe. Katika dunia uliyoizima rangi zote, kitu kinachong'aa kuliko vyote ni tarakimu, na jicho hufuata kinachong'aa. Kwa dakika 45 umemwambia mchezaji, kwa lugha ya picha ambayo ndiyo lugha pekee ya mchezo wako, kwamba meza ni mahali pa kupatia kitu. Kisha ukamwingiza katika nyumba ya msiba yenye meza, ukategemea aione kama meza ya marehemu. Aliiona kama ulivyomzoeza kuiona.

Waliotengeneza Dead Space ya mwaka 2008 walifikiri sana juu ya jambo hili. Mkanda wa uhai, yaani alama inayoonyesha uhai uliombakia mhusika, haukuwekwa pembeni mwa skrini. Uliwekwa mgongoni mwa mhusika, kama mstari wa taa kwenye uti wa mgongo wa suti yake, unaopungua anapojeruhiwa. Kwa hiyo kila unapotaka kujua kama utaishi, unalazimika kuutazama mwili wa yule mtu, na kumtazama mtu mara kwa mara ndiyo njia ya kuanza kumjali. Namba ya pembeni inakuondoa ndani ya dunia ya mchezo kila unapoitupia jicho, hata kama ni kwa nusu sekunde.

Jambo la pili ni kile kisichoonekana. Wengi wa rika langu hawawezi kuusahau ukungu wa Silent Hill, uliotoka mwaka 1999. Ukungu ule ulisaidia kuficha udhaifu, kwa kuwa mashine ya PlayStation ya wakati huo isingeweza kuuchora mji kwa umbali mrefu, lakini wasanifu waliukumbatia udhaifu huo hadi ukawa roho ya mchezo: unatembea barabarani ukiona hatua chache tu mbele yako, redio mfukoni inaanza kukwaruza kwa kuwa kuna kitu karibu, na wewe mwenyewe ndiye unayekichora kitu hicho kichwani kabla hakijatokea. Mwaka 2012 ilipotolewa upya sehemu ya pili pamoja na ya tatu kwa mashine zenye nguvu zaidi, ukungu wa sehemu ya pili ulipungua, na wachezaji walilalamika sana, maana sasa waliweza kuona mahali ambapo mandhari yanakatika. Picha ilikuwa safi zaidi, na woga ulikuwa umetoroka.

Nakuletea pia mwezi wa angani katika Majora's Mask, mchezo wa mwaka 2000, kwa sababu ni kinyume kabisa cha ukungu na bado unafanya kazi. Mwezi ule una uso, macho yaliyotoka na meno yaliyokenuliwa, nao unashuka juu ya mji kwa muda wa siku tatu za mchezo. Hakuna kilichofichwa. Ukiwa sokoni unacheza na watoto, ukiinua tu kamera unauona umekaribia kuliko jana. Hofu yake haimshtui mtu, inamlemea tu, nayo inatokana na ukubwa wa kitu kimoja kinachobadilika polepole juu ya mji uleule.

Kwako wewe nashauri mambo mawili. Ondoeni tarakimu, na vimulimuli kama mnavipenda viondoke pamoja na kaka. Halafu itazameni kamera. Katika nusu ya kwanza bila shaka inawaweka watu wawili ndani ya picha, msichana upande mmoja na kaka upande wa pili. Baada ya kaka kutoweka, inafanya nini?

Kalamu ya Risasi

Inarudi katikati na kumfuata msichana. Mwandishi wa programu aliona kwamba picha inalemea upande mmoja.

Mchezaji wa Tangu Zamani

Iacheni ilemee. Msichana abaki upande wake, na nafasi ya kaka ibaki tupu hadi mwisho wa mchezo. Ninyi mlilijaza pengo haraka kuliko mfiwa yeyote ninayemfahamu.

Msomi wa Maumbo

Wenzangu wamesema mengi ya kweli. Naongeza juu ya nyuso, kwa kuwa swali la Ndugu Kalamu kuhusu mhusika wa Journey bado halijajibiwa.

Uso uliochorwa kwa undani unatoa ahadi nyingi. Kope zikiwepo, mchezaji anatazamia zipepese; mdomo ukiwepo, anatazamia utetemeke kwa wakati wake, na ukichelewa kidogo tu anahisi ubaridi fulani asioweza kuueleza. Mhandisi wa Kijapani Masahiro Mori aliliandika jambo hili mwaka 1970 kuhusu roboti, kwamba kadiri zinavyofanana na binadamu ndivyo tunavyozipenda, hadi zinapofika karibu sana bila kufika kabisa, na hapo upendo unaporomoka na kuwa karaha. Kikundi cha watu watatu hakina muda wala mikono ya kuuvuka mporomoko huo. Mhusika asiye na uso hatoi ahadi yoyote asiyoweza kuitimiza, na hisia zake zote zinahamia kwenye mwili: namna anavyoinama upepo unapovuma, namna hatua zake zinavyofupika. Mkumbuke yule mtoto wa Limbo, mchezo wa 2010, aliye kivuli cheusi kitupu chenye nuru mbili ndogo mahali pa macho. Anapokufa nuru zile zinazimika. Ni alama ndogo mno kwenye skrini, na nimeona watu wazima wakivuta pumzi kwa sauti kwa ajili yake.

Ushauri wangu basi ni kwamba mchoro wa uso upunguze na mwendo uuongeze. Msichana awe na namna ya kutembea anapokuwa na kaka, pengine akimgeukia kila baada ya muda, na awe na namna nyingine anapokuwa peke yake. Mkiweza kufanya jambo moja tu, liwe hili: aendelee kugeuka upande ule hata baada ya kaka kutokuwepo, mara chache zaidi kila dakika inavyopita.

Kuhusu koti alilolipendekeza Fundi, nina tahadhari moja. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini, takriban mwanamume 1 kati ya 12 hatofautishi vizuri nyekundu na kijani, kwa hiyo koti lisitegemee aina ya rangi peke yake. Lazima pia liwe na mwangaza ulio tofauti na wa miti iliyo nyuma yake. Jaribio ni rahisi: igeuze picha iwe ya nyeusi na nyeupe, na kama kaka bado anaonekana mara moja, koti limefaulu.

Na kuhusu swali lako la mwisho, kama picha inaweza kuifanya kazi hii peke yake, jibu langu ni hapana, kwa sababu mchezaji ana macho na ana vidole pia. Katika Brothers: A Tale of Two Sons, wa mwaka 2013, kila ndugu anaongozwa kwa kijiti chake kwenye pedi, kile kifaa cha mkononi cha kuchezea, kimoja mkono wa kushoto na kingine wa kulia, na mmoja anapofariki mkono mzima unabaki hauna kazi. Naomba radhi kwa wasioucheza bado, kwa kuwafichulia hadithi yake. Picha yako itauma zaidi kama kuna kitufe ambacho kwa dakika 45 kilimwita kaka.

Fundi wa Mwanga

Msomi amenizidi, na tahadhari yake juu ya mwangaza naikubali kabisa.

Niseme neno moja ambalo linanikera tangu tuanze kuzungumza. Ujuzi huuhuu tunaofundishana hapa unatumika kila siku kuwachuna watu fedha. Kuna michezo inayouza masanduku ya bahati, ambayo mnunuzi hajui yana nini ndani, na sanduku linapofunguliwa linatetemeka, linavuja mwanga, linachelewa kidogo, kisha linatoa rangi ya zambarau au ya chungwa ambayo wachezaji wamezoezwa na michezo mingi iliyotangulia kuiona kama alama ya kitu adimu. Moyo unadunda kabla mtu hajajua amepata nini. Mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba baadhi ya masanduku hayo ni kamari inayovunja sheria ya nchi hiyo, nami nadhani waliona sawasawa. Ndugu Kalamu, wewe unataka mtu ahuzunike kwa sababu ya kitu kinachostahili huzuni, na kazi hiyo ni halali. Lakini usisite kujiuliza, kila unapowasha mwanga mahali fulani, unampeleka mchezaji wapi.

Kalamu ya Risasi

Ndugu zangu, yamepita majuma matano, na nimeona si haki kunyamaza baada ya kupewa mengi kiasi hiki.

Vimulimuli vyote 60 tumeviondoa pamoja na tarakimu zake, na mwenzetu aliyeviandikia programu alivumilia. Nyuso nimezifuta, msichana sasa ana ushungi na macho tu. Koti la kaka nimelijaribu katika rangi saba kabla ya kutulia kwenye chungwa iliyokolea, ambayo picha ikigeuzwa nyeusi na nyeupe inabaki nyangavu kuliko kitu chochote kilicho jirani nayo. Mwanga wa taa sasa unabadilika kidogo kidogo kufuatana na pumzi za aliyeishika, jambo ambalo sikuwa nimeombwa nilifanye, lakini nilipoanza kulitazama koti kwa saa nyingi nikaona mwanga uliotulia kabisa unalifanya lionekane kama stempu iliyobandikwa. Kitufe cha kuita kipo. Kamera tumeiacha ilemee.

Jana tumewaita watu 6 wapya. Mmoja alifika kwenye ile nyumba, akaipita ile meza bila hata kuigusa, akatoka nje, akatembea kama hatua ishirini kisha akasimama. Upande wa kulia wa skrini ulikuwa giza tupu. Akabonyeza kitufe cha kuita. Msichana akageuka upande ule, akangoja, akarudi kutazama mbele. Akabonyeza tena. Baada ya hapo aliweka pedi juu ya mapaja yake, akakaa kimya kwa muda mrefu kiasi kwamba mwenzetu alidhani programu imekwama, akainuka kwenda kuiangalia. Nilimshika mkono nikamwomba akae.

Sasa nimebaki na swali jipya, na kama Msomi au mwingine ana uzoefu nalo nitashukuru: mwishoni mwa safari tulikuwa tumepanga koti lile la chungwa lionekane tena kwa mbali, upande wa pili wa bonde, kwa sekunde mbili tu. Tangu jana nimeanza kuogopa kwamba tukilionyesha tutamrudishia mchezaji kitu ambacho hatuna haki ya kumrudishia.